Mkalimani na Mfasiri

Programu yenyewe ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 3 hivi, na ilifika Kabuku ndani ya mfuko wa shati langu, kwenye flashi ambayo kifuniko chake kilipotea siku nyingi. Nilishuka basi kando ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, baada ya Mkata na kabla ya Michungwani, nikavuka, nikashika njia ya vumbi hadi kwenye ofisi ndogo ya chama cha wakulima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na kile kitu?"

Nikampa flashi. Mzee huyo, ambaye ndiye karani wa chama, aliichomeka mwenyewe, akanakili yaliyomo kwenye kompyuta, akabofya mara mbili, programu ikafunguka na kuanza kazi. Hakuna kilichohitaji kusakinishwa. Hakuna bando lililoliwa. Hakuna maandishi mekundu yaliyojaa kioo kulalamika kwamba kitu fulani hakipo. Mzee alisoma maneno mawili yaliyotokea, "Nakala sawa", akachomoa flashi, akanirudishia, akaendelea kupanga stakabadhi zake.

Dakika ile moja ilinigharimu miaka miwili na matoleo matatu ya zana ileile, kila moja kwa lugha tofauti. Nataka kueleza kilichotokea katikati, kwa sababu ndani yake kuna ufundi ninaouheshimu kuliko mwingine wowote katika kazi hii ya kompyuta, na ni ufundi usioonekana.

Zana za mfumo hazina sura. Hazina picha wala vitufe vya rangi, na mtumiaji wa kawaida hajui kama zipo. Zinanakili mafaili usiku, zinakagua kama diski imejaa, zinalinganisha nakala na asili yake, zinafuta kumbukumbu za zamani ili mpya zipate nafasi. Ya Kabuku ilipewa kazi tatu. Kila jioni ichukue daftari la mizani, yaani faili lenye uzito wa kila mzigo wa kila mkulima. Iliandike kwenye flashi mbili. Kisha isome upya ilichoandika, baiti kwa baiti, na kuthibitisha kwamba nakala haikupungua wala kuharibika. Mkulima anayelipwa kwa kilo hana ushahidi mwingine zaidi ya namba ile, kwa hiyo sikuiona kamwe kuwa kazi ndogo.

Swali la kwanza la mtengenezaji wa zana kama hii ni la lugha: aiandike kwa lugha ya kukompaili, kama C, Go au Rust, au kwa lugha ya intapreta, kama Python, Perl au Bash? Wanaojifunza hupewa jibu la haraka kwamba za kwanza zina kasi na za pili ni rahisi. Jibu hilo si la uongo, ila halimsaidii mtu anayepanda basi kwenda Kabuku.

Kiswahili kinalieleza jambo hili vizuri, kwa kuwa kina watu wawili ambao hatuwachanganyi: mkalimani na mfasiri. Mkalimani husimama begani kwa msemaji. Msemaji akitamka sentensi, naye anaigeuza palepale, wasikilizaji wanaitika, sentensi nyingine inafuata. Mfasiri huchukua maandishi yote, akajifungia nayo, akayasoma mbele na nyuma, akauliza neno hili la ukurasa wa mwisho linapatana vipi na lile la mwanzo, kisha akatoa kitabu kipya. Kitabu kikishatoka, mfasiri anaweza kwenda zake. Mkalimani akienda zake, mkutano umekwisha.

Ukanda huu wa Kabuku unaijua kazi ya mkalimani kwa mwili wake. Mashamba ya mkonge ya Korogwe, Handeni, Muheza na Pangani yalijengwa na watu waliotoka mbali, kutoka Kigoma, Iringa, Songea, hata nje ya mipaka ya Tanganyika. Waliitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa katika mikataba yao, na kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta, SILABU. Watu wa lugha kumi katika kambi moja hawaishi bila wakalimani, na Kiswahili kilipata nguvu kubwa katika kambi kama hizo. Ninapomwambia karani kwamba Python ni mkalimani, haniombi maelezo zaidi.

Prosesa ya kompyuta haijui Kiswahili, Kiingereza, wala Python. Inajua amri chache sana zilizoandikwa kwa namba: chukua kilichopo hapa, jumlisha na kile, weka pale, kama ni sifuri ruka. Mkalimani anakaa juu ya prosesa muda wote programu inapofanya kazi, akisoma ulichoandika na kukitekeleza. Mfasiri, yaani kompaila, anafanya kazi yake kabla, kwenye meza yangu Dar es Salaam, na kinachosafiri ni maandishi yaliyokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya prosesa yenyewe.

Mambo halisi yana mikunjo kidogo. Python nayo hugeuza msimbo wako kuwa lugha ya kati kabla ya kuanza kuutekeleza, na Java hufanya hivyo waziwazi. Kuna pia wakalimani waliozoea mahubiri ya mhubiri mmoja: wakisikia sentensi ileile mara elfu, wanaiandika pembeni ikiwa imekwisha kufasiriwa, ili safari ijayo waisome tu. Ndivyo inavyofanya injini ya JavaScript iliyomo katika kivinjari cha Chrome. Hata hivyo tofauti ya msingi inabaki, nayo ni nani analazimika kuwapo siku ya kazi.

Toleo langu la kwanza lilikuwa la Bash, mistari arobaini. Kompyuta ya ofisi wakati huo ilikuwa ya zamani, nikaiwekea Linux mwenyewe. Bash ni lugha ya kuunganisha zana nyingine: unaiambia programu hii ikabidhi kazi yake kwa ile, kama watu wanaopokezana ndoo kutoka kisimani. Wazo hilo ni la Unix ya miaka ya 1970, na bado sijaona lililo zuri zaidi kwa mtu mwenye haraka. Niliandika jioni moja, ikafanya kazi asubuhi. Kisha karani akalipa faili lake jina ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelipa: daftari la mizani. Bash ikaona maneno matatu, ikatafuta mafaili matatu, la "daftari", la "la" na la "mizani". Sikuwa nimeweka alama za kunukuu mahali zinapotakiwa.

Ningeweza kujifariji kwamba ni kosa la mwanafunzi, lakini Bash huwapata hata wakubwa. Mnamo Januari 2015 iligundulika kwamba hati ya Bash ya Steam, programu ya michezo ya Valve, upande wa Linux, ilikuwa na mstari wa kufuta kila kitu ndani ya folda fulani. Jina la folda likitokea kuwa tupu, amri ilibaki "futa kila kitu kuanzia mzizi wa diski". Kuna watu walipoteza mafaili yao yote. Mkalimani wa aina hii hatekelezi ulichokusudia. Anatekeleza ulichotamka, hata kama umekwama katikati ya sentensi.

Toleo lile lilikuwa pia na uzuri ambao niliuona baadaye tu. Siku flashi mpya ilipokuja na jina jingine, nilimpigia mzee simu. Akafungua faili lilelile la programu, akashuka hadi mstari wa nne, akanisomea herufi moja moja, nikamwambia abadilishe nini, akahifadhi, ikafanya kazi. Programu na maelezo yake vilikuwa kitu kimoja, vikikaa mezani kwake, na aliweza kuvigusa. Nimefanya kazi na mifumo ya gharama kubwa isiyompa mtu heshima ya namna hiyo.

Toleo la pili lilikuwa la Python. Guido van Rossum aliitoa lugha hii hadharani mwaka 1991, na sababu ya watu kuipenda inaonekana ukiisoma: inasomeka. Majina yenye nafasi katikati hayaisumbui. Ina maktaba za kila kazi. Na ilinitosha kwa kasi, jambo ambalo wapenzi wa kompaila husahau. Zana inayonakili mafaili hutumia karibu muda wake wote ikisubiri flashi iandike. Ukimpa mkimbiaji wa Olimpiki kazi ya kusubiri foleni, atasubiri sawa na wengine. Isitoshe, sehemu nzito za Python, kama kupanga orodha au kukokotoa alama za kuthibitisha faili, zimeandikwa kwa C na kukompailiwa zamani. Mkalimani wetu ana wafasiri wengi nyuma ya pazia.

Kasi huumiza katika mambo mengine. Python huchukua kama sehemu tatu za mia za sekunde kujiandaa kabla ya kusoma mstari wako wa kwanza. Mara moja kwa siku si kitu. Ukiiita mara 10,000 ndani ya kitanzi, umepoteza dakika tano kwa salamu peke yake.

Lakini Python iliniangusha kwa ngeli.

Mzungumzaji wa Kiswahili akisikia "kiti yangu", sikio linakataa kabla akili haijauliza maana. Kiti ni changu, viti ni vyangu, na hakuna kikao kinachohitajika kuamua. Lugha nyingi za kukompaili zina ngeli zao, zinaitwa aina: hii ni namba, hili ni neno, hii ni orodha. Kompaila hupita katika msimbo wote ikikagua upatanisho, hata katika sehemu ambazo hazitafikiwa mpaka mwakani, na ikikuta neno limekaa mahali pa namba inakataa kutoa chochote. Python ina aina vilevile, ila inaziangalia pale tu sentensi inapotamkwa. Katika programu yangu palikuwa na mstari uliotekelezwa tu iwapo mzigo mmoja ungezidi kiwango fulani baada ya daftari kurekebishwa kwa mkono. Hali hiyo haikutokea kwa miezi saba. Ilipotokea, jioni ya mwisho wa mwezi, uzito ulikuwa umesomwa kutoka kwenye faili kama neno, "37", wala si namba 37, na programu ikaanguka. Nakala ya siku ile haikufanyika. Mzee aliandika yote kwa mkono kwenye karatasi, hadi saa tatu usiku, kwa taa ya simu.

Namshukuru mkalimani yule kwa jambo moja, kwamba alianguka kwa kelele. Python ya zamani, toleo la 2, lililoachwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, ingelinganisha neno na namba kimyakimya na kusema neno ni kubwa zaidi, siku zote. Ningegundua baada ya mwaka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jinsi kompaila zinavyotengenezwa, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kustaajabu. Kompaila huanza kwa kukata maandishi kuwa maneno. Kisha hujenga mti wa sentensi: kipi kinatawala kipi, nini kimefungwa ndani ya nini. Kisha hukagua ngeli. Kisha inaanza kazi ninayoipenda kuliko zote, ya kukamua. Nikiandika 24 mara 60 mara 60 ili nisomeke vizuri, nikimaanisha sekunde za siku nzima, kompaila haitaiachia prosesa ifanye hesabu hiyo kila usiku. Inaifanya mara moja na kuandika 86,400. Nikiuliza swali lilelile ndani ya kitanzi mara elfu, nayo ikiona jibu haliwezi kubadilika, inalitoa swali nje na kuliuliza mara moja. Msimbo usiofikika kwa njia yoyote inautupa. Halafu inagawa vikabati vichache vilivyomo ndani ya prosesa, kipi kikae wapi na kwa muda gani, kazi inayofanana na kuwapangia wageni hamsini vyumba kumi bila hata mmoja kulala nje.

Karani aliwahi kunieleza kazi ya korona, kwani alifanya kazi mkongeni ujanani. Korona ni ile mashine kubwa ya kukamua majani ya mkonge. Jani linaingia likiwa zito, limejaa maji na nyama ya kijani, na singa inayotoka upande wa pili ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kompaila ni hivyohivyo. Majina mazuri niliyoyapa vitu vyangu, maelezo niliyojiandikia pembeni, nafasi na mistari mitupu iliyonisaidia kufikiri, vyote huondoka na maji, na hubaki singa. Na kama singa isivyorudishwa kuwa jani, programu iliyokompailiwa hairudi kuwa msimbo uliosomeka. Ndiyo sababu fundi mwenye adabu hutunza jani lake. Msimbo asilia una thamani kuliko faili linalosafiri.

Alinieleza pia kwamba jani lililokatwa halisubiri. Ndani ya siku mbili liwe limefika koronani, la sivyo linakauka na singa haitoki safi. Wakulima wadogo walio mbali hutumia raspada, mashine ndogo inayokwenda shambani na kulishwa majani kwa mkono. Inafanya kazi polepole na kupoteza singa zaidi, lakini ipo pale ambapo mkonge upo. Nilikaa kimya kwa muda baada ya kusikia hayo, kwa sababu nilikuwa nikimdharau raspada wangu, yaani mkalimani.

Waliotangulia hawakujua kama kukamua kwa namna hii kunawezekana. Mnamo 1952 Grace Hopper alitengeneza A-0, programu iliyounganisha vipande vya msimbo vilivyokwisha andikwa, nayo hutajwa mara nyingi kuwa kompaila ya kwanza ingawa ilifanya machache kuliko tunavyoyadai leo. Mwaka 1957 kundi la John Backus pale IBM likatoa FORTRAN, baada ya jasho lililokadiriwa kuwa sawa na mtu mmoja kufanya kazi miaka 18. Wataalamu wengi wa wakati huo waliamini kwamba mashine haiwezi kuandika lugha ya prosesa kwa ustadi wa mkono wa binadamu. Iliandika, na wakati mwingine ilifanya hila zilizowashangaza hata walioiunda. Miaka michache baadaye John McCarthy aliandika kwenye karatasi fomula ya kuitafsiri lugha ya LISP kwa lugha hiyohiyo, akiwa na nia ya kinadharia tu, na Steve Russell akaisoma, akaona inaweza kutembea, akaiandika kwa mkono kwenye mashine. Mkalimani wa LISP akazaliwa kwa sababu mtu mmoja aliisoma nadharia kama ramani ya kazi.

Toleo la pili lilikufa pamoja na kompyuta yake, mvua kubwa ya radi ilipopita. Iliyokuja badala yake ilikuwa ya mtumba, ya biti 32, yenye Windows 7. Python mpya haikukubali kuingia, kwa kuwa kuanzia toleo la 3.9 Windows 7 haitumiki tena. Toleo la zamani lingeingia, ila maktaba nilizozitegemea zilitaka kupakuliwa, na intaneti ya ofisi ilikuwa simu ya mzee. Nilikaa pale tangu asubuhi nikila bando lake. Jioni nilipanda basi la kurudi nikiwa nimeamua: toleo la tatu litakuwa la Go.

Go ilitangazwa na Google mwaka 2009, kazi ya Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson, huyu wa mwisho akiwa mmoja wa waanzilishi wa Unix. Kompaila yake ina tabia mbili ambazo kwangu ni zawadi. Ya kwanza, inafungasha kila kitu katika faili moja: maktaba zote zinazohitajika zimo ndani. Programu tupu ina takriban megabaiti 2, kubwa ukilinganisha na C, na sijali. Ya pili, kwenye kompyuta yangu ya Linux ninaiambia kwa maneno mawili kwamba ninataka faili la Windows la biti 32, nayo inalitoa, bila mimi kuwa na Windows hata moja nyumbani. Ilibidi nitumie toleo la 1.20, kwa kuwa kuanzia 1.21 Go nayo imeiacha Windows 7. Tofauti ni kwamba katika Python jambo hilo lilikuwa tatizo la mzee, na katika Go likawa langu, mezani kwangu, mbele ya intaneti nzuri.

Kompaila ya Go iliandikwa mwanzoni kwa C. Mwaka 2015, kwenye toleo la 1.5, waliigeuza ikaandikwa kwa Go yenyewe, na tangu hapo kila kompaila mpya hukompailiwa na mojawapo ya zilizotangulia. Mhunzi hufua nyundo kwa nyundo.

Nisieleweke vibaya kwamba safari ya kila zana ni kutoka kwa mkalimani kwenda kwa mfasiri, na anayebaki nyuma amekosea. Git, zana inayotunza historia ya msimbo na inayotumiwa na karibu kila mwandishi wa programu, ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Kiini chake kilikuwa C, lakini amri zake nyingi zilikuwa hati za shell, jamii ya Bash, na za Perl. Ziliachwa zifanye kazi, zikatumiwa na mamilioni, zikaonyesha kwa matumizi zinapaswa kuwa na umbo gani, kisha zikahamishwa moja moja kwenda C. Amri ya rebase ilifika huko 2018, miaka kumi na mitatu baadaye. Ninauona uvumilivu huo kuwa ufundi kamili. Eric Raymond alifanya vivyo hivyo na reposurgeon, zana ya kuhamisha historia za miradi ya zamani: aliijenga kwa Python alipokuwa bado anatafuta njia, na alipokabiliwa na historia ya kompaila ya GCC, yenye mabadiliko zaidi ya robo milioni, Python ikazidiwa, akaigeuza yote kuwa Go. GCC ilihamia Git Januari 2020. Asingeanza na Python, nadhani asingejua cha kuandika kwa Go.

Hapa kwetu kuna mfano unaonigusa zaidi. Vijana wa Kitanzania wametengeneza Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili. Kutunza kitu unaandika "fanya", kuuliza sharti "kama" na "sivyo", kurudia "wakati", kutoa maandishi "andika", na kweli ni "kweli", uongo ni "sikweli". Nuru ni mkalimani, inasoma na kutekeleza. Ila mkalimani huyo ameandikwa kwa Go, akakompailiwa, kwa hiyo anasafiri kama faili moja, hata ndani ya simu ya Android. Mtoto wa Handeni mwenye simu anaweza kuandika sharti lake la kwanza katika lugha anayoiota. Niliposoma msimbo wake niliona mti wa sentensi ukijengwa kwa mbinu zilezile nilizozieleza, na majina ya Kiswahili yakikaa kwenye matawi yake kana kwamba yalikuwa hapo siku zote.

Nuru ndiyo iliyonionyesha namna ya kumaliza kazi ya Kabuku, maana kosa moja lilikuwa bado limebaki. Katika toleo la Go mzee hakuwa na cha kufungua. Singa haisomeki. Jina la flashi likibadilika, angelazimika kunisubiri, na heshima ile ya mstari wa nne ilikuwa imepotea. Nikaongeza faili dogo la maandishi kando ya programu, lenye mistari kumi na miwili ya Kiswahili: flashi ya kwanza iitwe nini, ya pili iitwe nini, nakala zitunzwe siku ngapi, kazi ianze saa ngapi. Programu hulisoma kila inapowaka, mstari kwa mstari, kwa msomaji mdogo niliyemwandika mwenyewe. Yaani nilimweka mkalimani mdogo ndani ya kazi ya mfasiri. Na nilitumia majuma mawili kwa ujumbe wa makosa peke yake, muda mrefu kuliko nilioutumia kwa kunakili mafaili.

Siku ile nilipoleta toleo hilo, mzee alipomaliza kupanga stakabadhi alifungua faili la maandishi bila kuniuliza. Alitaka nakala zitunzwe juma moja. Akafuta 30, akaandika "saba", akahifadhi, akawasha programu.

"Mstari wa 7: hapa panahitajika namba, nimekuta neno 'saba'. Sijabadilisha chochote."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akausoma tena kwa sauti. "Haijabadilisha chochote," akaniambia, kama anayenipa habari. Akarudi kwenye faili, akaandika 7.

Nje lori lilikuwa likipiga honi, na mtu wa mizani alikuwa ameshaanza kuita majina.